Terry Sawchuk: Mlinda Lango Aliyeficha Maumivu

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Ni watu wachache ambao maisha yao yanaithibitisha methali hii kama Terrance Gordon Sawchuk, maarufu kwa jina Terry, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa miongoni mwa walinda lango hodari zaidi katika historia ya mchezo wa magongo wa barafuni. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliishi kwa jasho la mchezo huo, akihamishwa kutoka timu moja hadi nyingine kama kibarua ahamishwavyo kutoka shamba moja hadi jingine. Kila alikoenda alibeba majeraha, na mengi aliyaficha. Hakuyaficha kwa sababu ya ushujaa pekee, bali pia kwa sababu aliogopa kupoteza kazi.

Ili kuielewa hofu hiyo, ni sharti kuuelewa mchezo wenyewe na soko lake la kazi. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, wakiteleza juu ya barafu kwa viatu vilivyofungiwa vyuma. Badala ya mpira, wao hupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa takribani gramu 170, ambacho huweza kwenda kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Zama za Sawchuk, mlinda lango alikikabili kisahani hicho uso ukiwa wazi. Aidha, kati ya mwaka wa 1942 na 1967, ligi kuu ya Marekani na Kanada ilikuwa na timu sita tu: Boston, Chicago, Detroit, Montreal, New York na Toronto. Kwa kawaida kila timu ilimtegemea mlinda lango mmoja. Hivyo basi, nafasi za kudumu za kazi hiyo katika ligi nzima zilikuwa sita, ilhali vijana waliozimezea mate hawakuhesabika. Isitoshe, mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake hadi pale klabu ilipoamua kumbadilisha au kumwacha. Yeye mwenyewe hakuwa na usemi.

Sawchuk alizaliwa tarehe 28 Desemba 1929 mjini Winnipeg, katika familia yenye asili ya Ukraine. Babake alikuwa fundi wa mabati. Kakake, Mike, alikuwa mlinda lango, na Terry alimhusudu mno. Mike alifariki angali kijana kutokana na maradhi ya moyo, na Terry, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, akarithi vifaa vyake vya kujikingia miguu. Miaka miwili baadaye, akicheza mpira na vijana wenzake, alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Kwa kuchelea adhabu ya wazazi, alinyamaza. Mfupa ulijiunga vibaya na mkono huo ukabaki mfupi kuliko mwingine. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mazoea ya kuyameza maumivu.

Aliingia katika mchezo wa kulipwa mwaka wa 1947, kwenye timu ya Omaha iliyokuwa chini ya klabu ya Detroit. Mwishoni mwa mwaka huo gongo la mpinzani lilimjeruhi jicho. Madaktari waliliokoa jicho hilo, naye akarejea langoni baada ya muda mfupi na kutuzwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ile. Alipopandishwa hadi Indianapolis, alipata heshima iyo hiyo katika ligi ya pili kwa ukubwa. Mnamo Januari 1950, mlinda lango wa Detroit, Harry Lumley, aliumia, na Sawchuk akaitwa kumshikia nafasi kwa mechi saba. Lumley alirejea na kuisaidia timu kutwaa Kombe la Stanley msimu huo huo. Hata hivyo, wakuu wa klabu walikuwa wamekwisha kumwona kijana, na miezi michache baadaye Lumley alipelekwa Chicago. Sawchuk aliipata kazi kwa sababu mwenziwe aliumia. Hilo lilikuwa funzo ambalo hakulisahau.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya fahari tupu. Sawchuk aliinama chini mno langoni, kifua kikikaribia magoti, ili akione kisahani katikati ya msitu wa miguu. Tangu msimu wa 1950–51 hadi ule wa 1954–55, wastani wa mabao aliyofungwa haukufika mawili kwa mechi katika msimu wowote, na alimaliza mechi 56 za ligi bila kufungwa. Katika mechi za kuwania kombe za mwaka wa 1952, Detroit ilishinda mechi zote nane. Alifungwa mabao matano kwa jumla, na hakuna hata moja lililoingia katika uwanja wa nyumbani. Alitwaa kombe hilo na Detroit mwaka wa 1952, 1954 na 1955.

Lakini mwosha huoshwa. Wiki chache baada ya ushindi wa 1955, meneja wa Detroit, Jack Adams, alimpeleka Boston katika mabadilishano ya wachezaji tisa. Sababu ilikuwa kijana mwingine, Glenn Hall, aliyekuwa akisubiri nyuma yake kama yeye alivyomsubiri Lumley. Sawchuk hakupata faraja Boston. Katika msimu wa 1956–57 alishikwa na homa kali ya tezi iliyomdhoofisha kabisa, lakini alirudi uwanjani kabla ya kupona. Mwili na akili vikakataa. Mnamo Januari 1957 aliiacha timu akitangaza kuwa amestaafu, na madaktari wakathibitisha kwamba neva zake zilikuwa zimechoka. Baadhi ya magazeti yalimkejeli. Mwaka huo huo Ted Lindsay, mchezaji wa Detroit, aliongoza jaribio la kuunda chama cha kuwatetea wachezaji. Adams alimwadhibu kwa kumpeleka Chicago pamoja na Glenn Hall. Sawchuk naye akarejeshwa Detroit. Yule aliyemwondoa alikuwa naye ameondolewa.

Katika kipindi hicho cha pili alicheza kwa miaka saba, huku mwili ukizidi kulipa gharama. Kiwiko kilipasuliwa mara kadhaa ili kutoa vipande vya mfupa, na mgongo ukapinda kwa sababu ya kule kuinama. Alianza kuvaa kinyago cha kukinga uso mwaka wa 1962, miaka mitatu baada ya Jacques Plante wa Montreal kuthubutu kufanya hivyo. Kufikia hapo uso wake ulikuwa umeshonwa nyuzi zipatazo 400. Mwaka wa 1966 jarida la Life lilimtumia msanii wa vipodozi kuzichora upya kovu hizo zote usoni pake, kisha likachapisha picha yake. Wengi waliitazama kwa mshangao, wasijue kwamba majeraha mazito zaidi hayakuonekana.

Mwaka wa 1964 Detroit ilipata kijana mwingine, Roger Crozier, na Toronto ikamchukua Sawchuk. Huko alimkuta Johnny Bower, mkongwe aliyemzidi umri. Badala ya kugombea lango, wawili hao waligawana mechi. Mwaka wa 1965 walipohitimu kupata Tuzo ya Vezina, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya mtu mmoja, Sawchuk alisisitiza kwamba Bower atambuliwe pia, na wakatuzwa pamoja. Mtu ambaye maisha yake yote alihofia kunyang'anywa nafasi alikubali kuigawa. Jungu kuu halikosi ukoko. Mnamo Aprili 1967, Toronto ilipocheza na Chicago katika mechi ya tano ya nusu fainali, Sawchuk aliingia baada ya kipindi cha kwanza. Mkwaju wa Bobby Hull ulimwangusha kwa kumpiga begani, lakini aliinuka na kuzuia mikwaju 37 katika vipindi viwili. Tarehe 2 Mei, akiwa langoni, Toronto iliishinda Montreal 3–1 na kutwaa kombe.

Mwezi uliofuata Toronto haikumlinda. Ligi ilikuwa ikiongezwa timu sita mpya, na ile ya Los Angeles ikamchagua. Kutoka huko alirudi Detroit kwa mara ya tatu, kisha akapelekwa New York mwaka wa 1969. Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Ulevi na hasira zake ziliwaumiza mkewe na watoto wao saba, na ndoa ikavunjika mwaka huo. Mnamo tarehe 1 Februari 1970 alimaliza mechi yake ya 103 bila kufungwa. Tarehe 29 Aprili, baada ya kunywa pombe, aligombana na mchezaji mwenzake waliyeishi naye nyumba moja ya kupanga, wakaanguka, naye akaumia nyongo na ini. Alipasuliwa mara kadhaa lakini hakupona. Alifariki tarehe 31 Mei 1970 akiwa na umri wa miaka 40. Baraza la mahakama lililochunguza kifo hicho liliamua kuwa ilikuwa ajali.

Mwaka wa 1971 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo bila kungojewa muda wa kawaida. Rekodi yake ya mechi 103 ilidumu hadi Desemba 2009, ilipovunjwa na Martin Brodeur. Hata hivyo, mabadiliko yaliyomfaa zaidi yalikuja kazi yake ikielekea ukingoni. Kanuni ya kila timu kuandaa walinda lango wawili ilianza msimu wa 1965–66, na chama cha wachezaji kikasimama mwaka wa 1967. Leo hakuna mlinda lango wa ligi hiyo anayesimama uso wazi. Sawchuk alifanya kazi karibu maisha yake yote kabla ya kinga hizo, katika zama ambazo kukiri maumivu kulikuwa sawa na kumkaribisha mrithi mlangoni.