Joel Bendera: Kocha aliyeondoka Stars ikiwa bado haijarudi Afcon

Nje ya Uwanja wa Liti, ule ambao wengi Singida bado wanauita Namfua, ubishi wa mpira hauishi. Vijana watabishana kuhusu usajili na waamuzi. Wazee wakiingia, habari inageuka kuwa Taifa Stars, na hapo lazima mtu ataje Agosti 1979, Ndola na jina la Joel Bendera.

Kwa ambaye hakuwepo, ngoja tuirudishe kidogo.

Mwaka ule nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamefukuzwa, Kampala imeanguka Aprili, na hali ya maisha ilikuwa ngumu kwelikweli. Katikati ya hayo Stars ikawa inatafuta nafasi ya kucheza fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 pale Lagos. Haikuwahi kufika huko tangu nchi ipate uhuru.

Kikosi kilikuwa mikononi mwa Bendera, mtu wa Korogwe, Tanga. Kocha mzawa. Siku hizi hilo si jambo la ajabu kulisema, lakini angalia orodha ya waliokuja baada yake utaona ni Wabrazili, Wadenmark, Waholanzi, na baadhi ya wazawa.

Mauritius walikuwa wa kwanza. Ugenini Stars ikapigwa 3-2, nyumbani ikawalipa 4-0. Kisha ikaja Zambia, na hapo ndipo watu walipoanza kushika kichwa. Zambia haikuwa timu ya mchezo. Miaka mitano nyuma ilikuwa imecheza fainali ya Afrika, na ilikuwa na Godfrey Chitalu, mfungaji aliyeogopwa kusini yote ya Afrika.

Dar es Salaam Stars ikashinda 1-0. Bao moja tu, la kwenda nalo Ndola.

Singida waliifuata mechi ya marudiano kama sehemu nyingine zote za Bara: kwa redio. Televisheni ilikuwa Zanzibar peke yake, huku Bara ikaja miaka ya tisini. Kwa hiyo mtu wa Manyoni au Kiomboi hakumwona Bendera akiwa kwenye benchi, wala hakuona sura ya Peter Tino akikimbia. Alisikia tu. Mwenye redio yenye betri nzima siku ile alikuwa na wageni wengi kuliko mwenye harusi.

Zambia wakatangulia. Matokeo yakawa 1-1 kwa jumla ya mechi mbili na dakika zinakwisha. Mwishoni kabisa Tino akasawazisha, na Stars ikavuka kwa jumla ya 2-1. Kuna watu wazima leo hawakumbuki tarehe ya ndoa zao, lakini bao hilo watakusimulia mpaka lilivyoingia, ingawa hawakuliona.

Lagos kwenyewe haikuwa lelemama. Machi 1980 Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, halafu ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja, mkarudi nyumbani.

Hapa ndipo ubishi mwingine unapozaliwa. Kwenye kumbukumbu za fainali zile, kocha mkuu aliyeandikwa ni Mpoland Slawomir Wolk. Wapo wanaosema basi sifa ni zake. Mashabiki wengi hawataki kusikia hilo, na wana hoja: Mpoland alirudi kwao, Bendera akabaki hapa, akawa ndiye anayeulizwa kila Stars ilipokwama. Na ilikwama sana.

Baadaye aliingia kwenye siasa. Akawa mbunge wa Korogwe Mjini kuanzia 2005, kisha naibu waziri katika wizara iliyobeba michezo. Akiwa na cheo hicho, mwaka 2009 Stars ilikwenda Ivory Coast kwenye Chan, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Ilikuwa furaha, ila haikuwa Afcon. Akawa mkuu wa mkoa wa Morogoro, halafu Manyara, majirani kabisa wa Singida. Ukishapita Katesh kwenda Babati ulikuwa kwenye eneo lake. Ukimtaja kama mkuu wa mkoa wengine walikuwa wanajibu kwanza: si yule wa Ndola?

Alifariki Desemba 6, 2017, Hospitali ya Muhimbili. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu Lagos na hakuna Stars nyingine iliyokuwa imefuzu.

Machi 24, 2019, miezi 15 na ushee baada ya kifo chake, Stars ikaichapa Uganda 3-0 Dar es Salaam. Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Safari ya Misri ikaiva. Kocha alikuwa Emmanuel Amunike, Mnigeria, yaani anatoka nchi ileile iliyoifunga Stars mechi ya kwanza mwaka 1980. Usiku ule watu waliimba mitaani, na wazee wakahesabu nani hayupo.

Singida nayo ikapata sehemu yake. Mwishoni mwa 2025, Stars ilipojiandaa kwenda Morocco, ilikabidhiwa Miguel Gamondi, kocha wa Singida Black Stars. Mechi ya kwanza kwenye kundi, kama ile ya Lagos, ilikuwa dhidi ya Nigeria. Safari hii Singida waliitazama kwenye simu.