BWANA CONTÉ NA KREYO YETU

Kila siku tunashika kreyo mukononi, lakini ni wachache kati yetu wanaojua jina la Nicolas-Jacques Conté.

Huyu alizaliwa mwaka wa 1755 kule Normandie, inchi ya Ufaransa, katika jamaa ya walimaji. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya bustani kwenye hospitali ya muji wa Sées, na huko akaanza kuchora picha. Kisha akaenda Paris, akajifunza sayansi na ufundi wa namna mingi. Siku moja, alipokuwa akijaribu hewa ya kujaza maputo, moto ulilipuka, akapoteza jicho la kushoto. Hata hivyo hakuacha kazi.

Wakati ule kreyo nzuri zilitoka Uingereza, sababu grafiti safi ilichimbwa kule Borrowdale. Mwaka wa 1793 vita ikaanza kati ya inchi hizo mbili, na grafiti ikakosekana Ufaransa. Carnot, mumoja wa wakubwa wa serikali, akamwomba Conté atafute njia.

Conté akachukua grafiti hafifu, akaisaga kuwa unga, akaichanganya na udongo na maji, akatengeneza vijiti, akavichoma katika moto mukali. Mwaka wa 1795 serikali ikampa hati ya kazi hiyo. Akaonyesha jambo kubwa: ukizidisha udongo, kreyo inakuwa ngumu na mustari wake haukolei, ukizidisha grafiti, inakuwa teketeke na nyeusi. Basi ndani ya kreyo hamuna risasi hata kidogo!

Mwaka wa 1798 alifuata jeshi la Bonaparte mpaka Misri. Vyombo vilipoharibiwa katika fujo ya Cairo, yeye akafungua karakana, akatengeneza vingine. Alikufa Paris mwaka wa 1805, akiwa na miaka 50.

Herufi za juu ya kreyo zilikuja nyuma yake, lakini zinafuata kazi yake. H ni ngumu, B ni nyeusi, HB iko katikati. Kwa jeometria shika 2H, kwa kuandika HB, kwa kivuli cha picha 4B. Mwenye kuchora pembetatu na 4B atachafua karatasi yote. Mwenye kuandika na 4H atakwaruza daftari, na mwalimu hataona kitu. Kwa hiyo, mbele ya kununua, soma kwanza herufi.