Arturo Soria, mtu aliyetaka tramu ifike mbele ya nyumba

Katika miji yetu ya mashariki, mara nyingi parsele zinauzwa kwanza, watu wanajenga, halafu njia inatafutwa nyuma. Mwenye kukaa mbali analipa motari asubuhi na jioni, na asiye na feza anatembea kwa miguu. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, huko Madrid, mji mkuu wa Hispania, kulikuwa mtu mmoja aliyesumbuliwa na jambo la namna hii. Jina lake Arturo Soria y Mata. Yeye alitaka mambo yageuzwe: usafiri uwekwe kwanza, nyumba zifuate. Na hakubaki kuandika tu. Alijenga kipande cha mji kwa fikra hiyo, wakati gari ya mtu binafsi ilikuwa bado haijaingia katika maisha ya watu.

Kijana wa hesabu na telegrafu

Soria alizaliwa Madrid tarehe 15 Desemba 1844, katika familia yenye asili ya Aragón. Alipenda hesabu tangu ujana, na mmoja wa walimu wake alikuwa Manuel Becerra, mtu wa hesabu na wa siasa ambaye baadaye alikuwa waziri. Soria alitamani kuwa enjenyere wa barabara na madaraja, lakini hakufika mwisho wa masomo yale. Akaingia katika kazi ya telegrafu, chombo kilichokuwa kipya wakati huo, cha kutuma habari kwa waya.

Mwaka 1868 mapinduzi yalimwondoa Malkia Isabel II kwenye kiti. Soria alikuwa upande wa wale wenye walitaka jamhuri. Alipewa kazi ya katibu katika utawala wa mikoa, hata katika kisiwa cha Puerto Rico, ambacho bado kilikuwa koloni ya Hispania. Lakini jamhuri haikudumu. Utawala wa kifalme uliporudi, Soria aliacha kazi za serikali na kuingia katika biashara.

Biashara yenyewe ilikuwa tramu, yaani gari la abiria lenye kutembea juu ya reli katikati ya barabara. Tramu ya kwanza ya Madrid ilianza mwaka 1871, ikivutwa na nyumbu. Miaka michache nyuma, Soria naye alianzisha laini yake, yenye kuunganisha vituo vya treni na masoko. Hakuwa mtu wa jambo moja tu. Alipendekeza mji uwe na simu, na alitengeneza chombo cha kuonya watu juu ya mafuriko. Lakini tramu ndiyo iliyomfundisha somo kubwa, kwani mtu mwenye kuendesha tramu anaona kwa macho yake kwamba pale reli inapopita, bei ya udongo inapanda.

Mji uliojaa mpaka kukosa hewa

Madrid ya wakati ule ilikuwa inakua mbio. Mwaka 1860 ilikuwa na watu karibu 300,000. Mwaka 1900 walikuwa wamepita 500,000. Serikali ilikuwa imekubali mpango wa kuongeza mji tangu 1860, lakini wenye udongo walingoja bei zipande, na nyumba nzuri zilikuwa za wenye feza. Watu wa kazi za mikono walisongamana katika vyumba vidogo visivyo na jua wala hewa, ao walienda kujibanza pembezoni mwa mji, kwenye vibanda visivyo na maji wala barabara.

Mwaka 1882, Soria alianza kuandika katika gazeti moja la Madrid, El Progreso, juu ya mji wa namna nyingine. Aliuita Ciudad Lineal, yaani mji wa mstari. Fikra yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mji wa kawaida unakua kama duara: katikati kunajaa, bei inapanda, na maskini anasukumwa mbali zaidi kila mwaka. Soria alisema kosa liko katika umbo lenyewe. Badala ya duara, mji uwe barabara moja ndefu. Katikati yake ipite reli, na nyumba zipangwe pande zote mbili. Ukiwa na watu wengi zaidi, unaongeza urefu wa barabara, huongezi msongamano.

Kwake yeye, shida ya usafiri ndiyo mama ya shida zingine zote za mji. Alihesabu umbali kwa muda ambao mtu anapoteza njiani, si kwa kilometa. Nyumba ya mbali yenye tramu karibu na mlango inaweza kuwa karibu na kazi kuliko nyumba ya katikati ambako njia zimefungana. Na alikuwa na ndoto kubwa: aliandika kwamba mji wa namna ile unaweza kuanza Cádiz, kusini mwa Hispania, na kufika mpaka Saint Petersburg huko Urusi. Wengi walimcheka.

Kompanyi, parsele na reli

Soria alianza na kitu kidogo zaidi ya ndoto ile. Mwaka 1892 alipata ruhusa ya serikali ya kujenga reli yenye kuzunguka Madrid kwa nje, karibu kilometa 50, ikiunganisha vijiji vilivyokuwa pembeni ya mji mkuu. Mwaka 1894 akaanzisha kompanyi kwa ajili ya kazi hiyo, Compañía Madrileña de Urbanización. Feza hakuzipata kwa mabenki makubwa tu. Kompanyi iliuza hisa na hati za mkopo kwa watu wa kawaida, wenye walileta akiba yao kidogo kidogo.

Hesabu ilikuwa hii. Kompanyi inanunua mashamba makavu kwa bei ya chini. Inatandika reli, inaleta maji na umeme, inapanda miti. Parsele zinapata bei, zinauzwa, na faida inarudi kulipa reli. Kwa maneno mengine, feza ambazo kwingine zinaingia mfukoni mwa mwenye udongo aliyengoja tu, hapa zilitakiwa kulipa usafiri wa wote. Na mnunuzi aliruhusiwa kulipa pole pole, kwa sehemu, kusudi hata mfanyakazi aweze kuwa na nyumba yake.

Barabara kubwa ilipimwa upana wa mita 40: tramu katikati, miti, njia za magari ya farasi, na nafasi pana ya watu wa miguu. Njia za kukata zilikuwa nyembamba zaidi. Parsele ndogo kabisa ilikuwa mita mraba 400, na nyumba haikuruhusiwa kuchukua zaidi ya sehemu moja kati ya tano. Kubaki kote kulikuwa kwa bustani na mboga. Nyumba haikuruhusiwa kupita ghorofa tatu. Soria alitaka kila familia iwe na nyumba yake, na kila nyumba iwe na miti yake na shamba lake dogo.

Alitaka pia tajiri na mfanyakazi wakae mtaa mmoja. Kwa sehemu hilo lilifanyika, lakini si bega kwa bega: nyumba kubwa zilikaa kwenye barabara yenyewe, na nyumba ndogo zilikuwa kwenye njia za nyuma. Wote hata hivyo walipanda tramu moja. Ile tramu ilianza kwa kuvutwa na wanyama, ikaenda kwa mvuke, na mwishowe kwa umeme, ikiwafikisha watu mpaka kwenye lango la Madrid. Kukawa na mahali pa michezo na tiyatro, na siku za Dimanche watu wa Madrid walipanda tramu kuja kupumzika kule. Tangu 1897 kompanyi ilikuwa na gazeti lake, ambalo linahesabiwa kati ya magazeti ya kwanza duniani kushughulikia upangaji wa miji.

Inafaa kukumbuka tarehe. Mwingereza Ebenezer Howard, anayejulikana sana kwa fikra ya miji ya bustani, alitoa kitabu chake mwaka 1898. Wakati huo kompanyi ya Soria ilikuwa na miaka minne kazini.

Mahali ilipovunjikia

Kwa nini basi dunia haikujaa miji ya Soria? Jibu la kwanza ni udongo. Serikali inapojenga reli ao barabara, sheria inairuhusu kuchukua udongo wa watu kwa kuwalipa. Kompanyi ya Soria haikupewa nguvu hiyo. Kila kipande kilipaswa kununuliwa kwa mapatano. Wenye mashamba waliposikia tramu inakuja, waliongeza bei, na wengine walikataa kabisa. Reli yenyewe ndiyo ilikuwa inapandisha bei ya udongo ambao reli ilihitaji.

Jibu la pili ni feza. Hesabu ile ilitembea wakati parsele zilikuwa zinauzwa na wenye akiba walikuwa wanaleta akiba. Mwaka 1914, mwaka ambao vita kuu ya kwanza ilianza Ulaya, kompanyi ilishindwa kulipa madeni yake kwa wakati. Watu wenye akiba ndogo, wale wale ambao Soria alitaka kuwainua, ndio walibaki wanangoja.

Kati ya zile kilometa 50 za kuzunguka mji, zilijengwa 5 na kidogo, upande wa kaskazini-mashariki, toka barabara ya Aragón mpaka Pinar de Chamartín. Kazi haikuendelea zaidi.

Soria mwenyewe aliendelea kuandika. Miaka yake ya mwisho aliingia sana katika fikra zake juu ya maumbo ya hesabu na asili ya viumbe, mambo ambayo wachache walimfuata. Mwaka 1919 Madrid ilifungua metro yake ya kwanza, treni ya chini ya udongo. Soria alikufa mwaka uliofuata, tarehe 6 Novemba 1920, akiwa na miaka 75.

Gari likachukua nafasi

Baada ya kifo chake, fikra ya mji wa mstari ilitembea mbali kuliko tramu yake. Ilijulikana Ufaransa na Ubelgiji, na nchini Urusi wapangaji wa miji ya viwanda waliandika juu ya miji mirefu ya namna hiyo. Kule Madrid kwenyewe, mambo yaligeuka. Mji ulikua mpaka ukaimeza Ciudad Lineal. Sheria ya ghorofa tatu ilisahauliwa, manyumba mengi yenye bustani yalibomolewa kati ya miaka ya 1950 na 1970, na pahali pake pakasimama majengo marefu. Tramu za zamani za Madrid zilifungwa mwaka 1972. Barabara ya mita 40, iliyopimwa kwa ajili ya reli, miti na watu wa miguu, ikawa barabara ya magari.

Leo barabara hiyo inaitwa Arturo Soria. Komini nzima ya Madrid inabeba jina la Ciudad Lineal, na metro ina kituo chenye jina la barabara na kingine chenye jina la mtaa. Mistari ya miti bado iko, na nyumba chache za zamani zimebaki kati ya maghorofa.

Hata hivyo, upana ule uliopimwa mapema ulisaidia. Mabasi yanapita pale bila kubomolea mtu nyumba, juu nafasi ya usafiri iliachwa kabla watu hawajajenga. Mji uliochelewa kupima njia yake unalipa mara mbili: unalipa barabara, na unalipa tena nyumba zinazobomolewa kusudi barabara ipite. Soria alishindwa kumaliza duara lake, lakini swali lake linaweza kuulizwa na kila mwenye kununua parsele pembeni ya mji, na kila mkubwa mwenye kusaini karatasi za kuigawa: mtu atakayekaa hapa, asubuhi atafika kazini, shuleni ao hospitalini kwa njia gani, na kwa feza ngapi?