Alikombolewa, kisha akafundishwa

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Tabora, ikaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Miembe ya zamani bado inatukumbusha waliopita, wengi wao wakiwa shingoni na minyororo. Mwaka 1888, kutoka pwani, alikuja bara kijana wa Kiafrika aliyewahi kuuzwa yeye mwenyewe, ingawa mbali sana na hapa. Jina lake Adrien Atiman. Waumini wa Karema na Sumbawanga wanamjua kama Daktari Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, nchini Mali. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Ukimkumbuka Yusufu mwana wa Yakobo na wale wafanyabiashara waliompeleka Misri, umeshamwona Atiman. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha.

Hapa naomba tukae kidogo. Fidia hulipwa siku moja. Malezi ya mtoto huyo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Walimsomesha Algeria, wakambatiza, kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wasomee udaktari. Kardinali aliwataka wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, wenye ujuzi kamili, lakini waishi kama watu watakaowahudumia. Hakusema kwamba maadamu wamepona utumwa, mwalimu yeyote atatosha.

Atiman alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka tena. Alitibu wagonjwa, alifundisha dini, alioa binti wa huko aitwaye Agnes, na mtoto wao Joseph akapata upadre mwaka 1923. Alikufa mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja! Sisi tukihamishwa wilaya tunaanza kutafuta barua ya kurudi mjini.

Nimemkumbuka kwa sababu ya chumba kimoja nilichokitembelea, kando ya kanisa, katika parokia nisiyoitaja. Ni chekechea. Watoto walikuwa wengi kuliko mikeka, na mwalimu alikuwa binti mwema aliyemaliza kidato cha nne, hajapata mafunzo yoyote ya kulea watoto wa umri ule. Walikuwa wakiimba herufi za Kiingereza kwa sauti kubwa. Mmoja, aliyezungumza Kinyamwezi tu, alikaa ukutani akitazama midomo ya wenzake. Hakukuwa na kibao cha kuchezea wala mchanga wa kuchorea, na uji ulitegemea nani amechanga. Wazazi nje walifurahi: mtoto amekwenda shule.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na ni jambo jema. Mlango umefunguliwa. Lakini kuwaingiza watoto ndani ni ile fidia tu, na kazi ya Algeria na Malta bado haijaanza. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kucheza, kuuliza, kusimuliwa hadithi kwa lugha anayoielewa, na kujua kwamba mtu mzima aliye mbele yake anamsikiliza. Hayo yanahitaji mwalimu aliyefundwa. Kwa nini basi darasa la wadogo kabisa ndilo tunalompa yule tunayemlipa kidogo kuliko wote? Mama yake Musa, alipopewa mtoto wake amnyonyeshe, alilipwa ujira na binti Farao. Hata ikulu ya mtesi ilijua kwamba malezi ya mtoto mchanga ni kazi yenye mshahara.

Wiki hii kamati ya fedha ya parokia yetu inakutana. Kwenye orodha kuna spika mpya za kanisa. Nimemwomba mwenyekiti aandike juu yake posho ya mwalimu wa chekechea na nauli ya kumpeleka mafunzoni. Ameniambia atanijibu baada ya misa ya pili.