Honus Wagner: Mchimba makaa aliyeizuia sura yake kuuzwa pamoja na sigara

JOHANNES Peter Wagner, ambaye Wamarekani walimwita Honus, alikuwa gwiji wa besiboli, mchezo wa mpira na kigongo unaokaribiana na kriketi. Aliaga dunia mnamo Desemba 6, 1955, akiwa na umri wa miaka 81. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina lake hii leo hawakumbuki ustadi wake uwanjani, bali kikadi kidogo cha karatasi ngumu ambacho yeye mwenyewe hakutaka kichapishwe.

Wagner alizaliwa Februari 24, 1874, katika kitongoji cha Chartiers, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na riziki ya familia hiyo ilitoka ardhini. Alipofika umri wa miaka 12 aliacha shule, akamfuata babake na nduguze katika migodi ya makaa ya mawe.

Mpira ndio uliomtoa huko. Mwaka wa 1897 alianza kuichezea Louisville katika ligi kuu, na mwaka wa 1900 akahamia Pittsburgh Pirates, klabu aliyoichezea hadi alipostaafu mwaka wa 1917. Alikuwa na matege na viganja vipana ajabu, umbo ambalo halikumfanya mtu adhani ni mwanariadha. Lakini mara 8 aliibuka mpigaji bora wa ligi yake, na mwaka wa 1909 aliisaidia Pirates kutwaa ubingwa kwa kuilaza Detroit Tigers ya Ty Cobb.

Mwaka huo huo, kampuni ya American Tobacco ilianza kutia picha za wachezaji katika pakiti za sigara. Kadi hizo, ambazo wakusanyaji huziita T206, zilizuia sigara zisipondeke na pia kumshawishi mnunuzi arudi dukani kutafuta picha nyingine. Watoto nao walizitamani mno.

Kazi ya uchapaji ilifanywa kwa lithografia, ufundi unaotegemea uadui wa mafuta na maji. Picha ilihamishiwa juu ya jiwe laini kwa wino wa mafuta, kisha jiwe likaloweshwa. Wino uliofuata ulishika pale palipokuwa na mafuta tu, ukakataa palipolowa. Kila rangi ilihitaji kupigwa chapa peke yake, hivyo karatasi moja ilipita mashineni mara kadhaa. Ikiteleza kidogo tu, wekundu wa midomo uliangukia shavuni, au mchezaji akapata kivuli asichozaliwa nacho.

Makosa ya herufi pia hayakukosekana. Sherry Magee wa Philadelphia aliandikwa Magie. Kosa hilo liligunduliwa mapema na kusahihishwa, na ndiyo maana kadi zilizokwisha kutoka zikawa adimu. Joe Doyle wa New York naye alitiwa katika ligi isiyokuwa yake, kwa kuwa jijini humo kulikuwa na Doyle mwingine, Larry, aliyechezea timu pinzani. Leo makosa hayo mawili huuzwa kwa bei kubwa kuliko kadi zilizo sahihi.

Kadi ya Wagner yenyewe huwahadaa wengi. Jina la mji wake limeandikwa Pittsburg, bila herufi ya mwisho. Hilo si kosa la mpiga chapa. Kati ya 1891 na 1911, hayo ndiyo yaliyokuwa maendelezo rasmi ya jina hilo katika stakabadhi za serikali ya Marekani.

Uhaba wa kadi hiyo haukutokana na kosa lolote la mtambo. Ulitokana na Wagner kunyima idhini. Kadi zake chache zilikwisha kuingia katika pakiti kabla ya uchapaji kusitishwa, na zinazojulikana kuwapo leo ni takriban 60 tu.

Sababu ya msimamo wake ingali inajadiliwa. Wapo wanaoshikilia kwamba hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake. Wengine hujibu kwamba yeye mwenyewe alitafuna tumbaku, na kwamba alichodai ni malipo ya haki. Inafaa kukumbuka kuwa mwaka wa 1905 alikuwa ametia saini mkataba wa kuruhusu jina lake lichapwe juu ya vigongo vilivyotengenezwa Louisville. Kwa hiyo hakuchukia biashara. Alichotaka ni kuulizwa kwanza, na kuwa na uhuru wa kukataa.

Mwaka wa 1936 alikuwa miongoni mwa watu watano wa kwanza kuteuliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, akipata kura 215 sawa na Babe Ruth. Tangu 1933 alikuwa amerejea Pirates kama kocha msaidizi, kazi aliyoifanya hadi uzeeni. Sanamu yake ilizinduliwa Aprili 1955, miezi michache kabla ya kifo chake.

Baada ya hapo kadi ilianza maisha yake yenyewe. Mwaka wa 1991 moja iliuzwa kwa dola 451,000, na mnamo 2013 dalali wa mnada aliyekuwa ameimiliki alikiri mahakamani kwamba alikuwa amezipunguza kingo zake ili ionekane mpya. Mwaka wa 2022 kadi nyingine ilinunuliwa kwa dola milioni 7.25, zaidi ya Sh800 milioni kwa thamani ya wakati huo.

Hakuna hata senti moja ya fedha hizo iliyomfikia Wagner. Sanamu yake ingali imesimama nje ya uwanja wa Pirates mjini Pittsburgh, mji ambao ulirudishiwa herufi yake mwaka wa 1911.