George Mason: Aliyelaani Biashara ya Utumwa Akiwa na Watumwa

George Mason alizaliwa mwaka 1725 huko Virginia, Marekani. Mwaka 1735 baba yake alikufa maji katika mto Potomac, naye akalelewa na mama yake. Alipokua akawa mkulima tajiri, mwenye jumba la Gunston Hall na watumwa wengi. Mwaka 1776 aliandika rasimu ya Tamko la Haki la Virginia, lililotambua kwamba wanadamu kwa asili yao ni huru.

Mwaka 1787 alihudhuria mkutano wa katiba mjini Philadelphia. Majimbo ya Kaskazini, yenye meli, yalitaka Bunge litunge sheria za biashara kwa wingi wa kawaida wa kura. Majimbo ya Kusini, yaliyouza tumbaku na mchele ng'ambo, yaliogopa kupandishiwa gharama za usafirishaji, hivyo yakataka theluthi mbili. South Carolina na Georgia zilidai pia zisizuiwe kuingiza watumwa kutoka Afrika.

Tarehe 22 Agosti Mason alisimama akailaani biashara hiyo. Alionya kwamba utumwa humfanya bwana kuwa dhalimu, na kwamba Mungu huyaadhibu mataifa kwa dhambi zao hapa hapa duniani. Oliver Ellsworth wa Connecticut akamjibu kwamba, kama hoja ni maadili, basi waachiwe huru hata watumwa waliokwisha kuwapo nchini.

Siku chache baadaye pande hizo zilipatana: biashara ya watumwa isipigwe marufuku kabla ya 1808, na sheria za biashara zipite kwa wingi wa kawaida. Mason akashindwa katika yote mawili. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 walitia saini. Yeye alikataa, akilalamika pia kwamba katiba haikuwa na tamko la haki. Tamko hilo liliongezwa mwaka 1791. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1792. Wosia wake haukuwaachia huru watumwa wake. Waliachwa kwa warithi.

Sisi tunaosoma falsafa tunaona kwamba hoja ya Mason ilikuwa ya kweli, na jibu la Ellsworth lilikuwa la kweli pia. Kuijua haki hakutoshi. Kabla ya kupanda mimbarini kuhubiri haki za wafanyakazi, tuwaangalie kwanza wanaotupikia na kutulimia: je, wanapata ujira wa haki?