Mauser: Fundi aliyeikata bunduki kwa kipimo cha risasi

KATIKA mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar kusini mwa Ujerumani, fundi mmoja wa kiwanda cha bunduki cha ufalme wa Württemberg alijaliwa watoto 13. Kitinda mimba wao, Peter Paul Mauser, alizaliwa Juni 27, 1838, na akiwa bado mdogo akaingia kiwandani humo kujifunza kazi ya babake.

Paul alikuwa mtu wa tupa na nyundo. Kakake Wilhelm ndiye aliyezungumza na wanunuzi. Mnamo 1867 walihamia Liège, Ubelgiji, kwa fedha za Mmarekani Samuel Norris, lakini ubia huo ulivunjika. Bahati iliwajia 1871, Ujerumani ilipoipokea bunduki yao ya komeo, iliyobeba risasi moja tu na kutumia baruti nyeusi yenye moshi mzito. Wilhelm alifariki 1882, Paul akabaki kubeba mzigo wote.

Komeo ni kile chuma ambacho mpigaji hukivuta nyuma ili ganda tupu litoke, kisha akakisukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Urefu wa safari yake huamriwa na risasi. Ikiwa ndefu, chuma chote kinacholibeba komeo hurefuka na kuongezeka uzito, na mkono hulazimika kwenda nyuma zaidi. Hapo ndipo penye hatari: mwindaji aliyeshikwa na hofu asipolivuta komeo hadi mwisho, hurudi mbele bila kuzoa risasi. Bunduki hulia kavu, nyati yuko hatua chache.

Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa 1884, ilimpa Mauser nafasi ya kutumia risasi nyembamba zenye nguvu. Bunduki yake mashuhuri, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani Aprili 5, 1898, ilikatwa kutoshea risasi yenye ganda la milimita 57, ambayo kwa jumla ina urefu wa karibu milimita 82. Ukucha mrefu wa chuma ulilikamata ganda mara tu lilipochomoza kutoka kasha la risasi, na kuzuia risasi mbili kusukumwa kwa pamoja.

Wawindaji nao walikuwa na haja zao. Kiwanda chake kilitengeneza makomeo mafupi kwa risasi ndogo, na marefu kwa zile za wanyama wakubwa. Rigby wa London alilitumia hilo refu kwa risasi yake ya .416 ya mwaka 1911, yenye urefu wa karibu milimita 95. Milimita 13 zaidi zaonekana chache, ila kwa mfua chuma ni kiunzi kipya kabisa.

Ufundi huo ulimgharimu. Mnamo 1901 alipoteza jicho moja akijaribu bunduki ya kujipakia yenyewe.

Mauser alifariki Mei 29, 1914, na vita vikuu vikazuka miezi miwili baadaye. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, askari wengi Waafrika waliingia vitani na ile bunduki ya 1871. Kila walipofyatua, moshi wa baruti nyeusi ulipaa juu ya vichaka na kumwonyesha adui walipojificha, ilhali mtengenezaji wake alikuwa ameiondoa kasoro hiyo miaka mingi kabla.